Kiendeshi cha Itumba

Yunisi alikuwa katika mwaka wa saba wa ndoa yake na hakuwa amewahi kuuona uso wa baba mkwe wake. Alimjua kwa kikohozi. Alimjua kwa mlio wa gongo lake juu ya mawe ya njia, na kwa harufu ya tumbaku iliyobaki penye mlango baada ya yeye kupita. Wakwe zake ni Wandali wa milimani, jirani na Itumba, watu wa nyumba inayoshika mila, na katika nyumba ya namna hiyo mke wa mtoto hamtazami baba wa mumewe, hakai naye chumba kimoja, wala halitamki jina lake. Akisikia anakuja, huiacha njia na kuingia mahindini mpaka apite.

Yeye alizaliwa Isansa, katika mashamba ya kahawa ya Wanyiha, kwa baba mwalimu ambaye hakuyakaza mambo hayo. Alisoma kompyuta Dar es Salaam, akafanya kazi huko, kisha akarudi kusini kwa sababu alimpenda Ipyana, ambaye lori lake lilikuwa likivuka mpaka wa Tunduma kwenda Ndola na kurudi. Marafiki zake wa chuo walimuuliza kwenye simu anawezaje kuishi na sheria kama ile. Mwanzoni aliiona kama ukuta. Baadaye, bila kujua ni lini hasa, alianza kuiona kama ule ukimya wa kanisani kabla ya sala: hakuna anayekuziba mdomo, ila mbele yako kuna kitu kikubwa kuliko sauti yako.

Jumapili moja ya mwaka 2013, katika miezi ya baridi, alisikia kikohozi kile mahali ambapo hakikupaswa kuwepo. Kilitoka uani, kwenye kliniki ya Daktari Shamimu mtaa wa Chapwa, Tunduma, ambako Yunisi ndiye aliyekuwa fundi wa kompyuta. Pikapu ilikuwa imerudi kinyumenyume hadi mlangoni, na nyuma yake, ndani ya mablanketi, alikuwa amelala mzee Andongwisye, baba mkwe wake. Yunisi hakuangalia. Aliingia chumba cha seva, mashine kuu ya kliniki, akafunga mlango, akabaki amesimama gizani huku taa ndogo za mashine zikikonyeza.

Daktari Shamimu alimkuta humo humo.

"Mapafu," alisema. "Yote mawili, na umri ule. Yunisi, mwenzangu, mbona umejificha? Yule mama aliyekuja naye anasema ni wakwe zako."

"Ni wazazi wake Ipyana."

"Basi njoo unitafsirie. Homa imempandia, Kiswahili kimemtoka chote, anasema Kindali kitupu."

"Mama yupo, atakutafsiria. Mimi siruhusiwi kuingia alimo."

Daktari alikuwa mtu wa Tanga, na huko kwao wakwe huheshimiwa kwa namna nyingine. "Hata akiwa mgonjwa?"

"Akiwa mgonjwa ndiyo zaidi, Daktari. Hawezi kujificha nisimwone."

Daktari aliliacha hilo. Kisha akaeleza kilichomleta. Mama mkwe, Gwantwa, alikuwa amemwambia kwamba miaka kadhaa nyuma mzee alipewa dawa kwenye zahanati ya Itumba ikambabua: ngozi ilibanduka kama ya viazi vya kuchemsha, midomo ikapasuka, wakadhani wanamzika. Dawa gani, Gwantwa hakujua.

"Inaweza kuwa salfa, inaweza kuwa penisilini," Daktari alisema. "Sindano ninayotaka kumchoma ni ndugu wa penisilini. Kama ndiyo iliyombabua, naweza kumwua kwa mkono wangu. Kama ilikuwa salfa na nikaogopa kumchoma, nitakuwa nimemwua vilevile. Nilizo nazo nyingine kwa kifua kile ni sawa na maji."

"Na mganga wa zahanati ya Itumba?"

"Yuko msibani, huko bondeni, simu haipatikani. Zahanati imefungwa. Lakini kumbukumbu zao si zimo kwenye ile mashine yao?"

"Zimo."

"Na mashine si inawaka kwa sola, Jumapili na Jumatatu?"

"Inawaka."

"Na wewe si unaniambia tangu Pasaka kwamba tumekaribia kuisoma tukiwa hapa?"

Yunisi aliwasha skrini.

"Nitangoja mpaka adhuhuri," Daktari alisema. "Kifua chake hakiniruhusu zaidi."

Ili mtu aelewe kilichokuwa kimemshinda Yunisi tangu Pasaka, ni lazima ajue jinsi alivyoiandika programu ya kumbukumbu za kliniki. Programu yenyewe haijui kuzungumza na hifadhidata yoyote, ghala la kumbukumbu za kompyuta. Kila aina ya hifadhidata ina lugha yake, na kwa kila lugha hutengenezwa kiendeshi, kipande kidogo cha programu ambacho kazi yake ni kuijua lugha hiyo moja tu. Waandishi wengi huvipakia viendeshi vyote mwanzoni, programu inapoamka. Yunisi hakutaka hivyo. Zahanati za milimani zingejiunga na kliniki moja baada ya nyingine, kila moja na mashine iliyopewa na mfadhili wake, na hakuna aliyejua leo lugha itakayokuja kesho. Akaandika, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java, programu isiyotaja kiendeshi chochote. Ilijua jambo moja: kusoma jina kwenye faili dogo la maandishi na kuliita, hapo hapo, ikiwa kazini, watu wakiendelea kupokewa na vipimo vikiendelea kuandikwa.

Mara ya kwanza alipoona likitokea, alisimama kutoka kitini. Kiendeshi cha hifadhidata ya kliniki hakikuwa ndani ya programu. Hakikuwa popote kwenye maelfu ya mistari aliyoiandika kwa mikono yake. Aliandika jina lake, programu ikaliita, na kitu ambacho punde tu kilikuwa faili lililolala kwenye diski kikaamka, kikajiandikisha chenyewe kwa msimamizi wa viendeshi, kipande kinachompa kila mwombaji kiendeshi chake, kana kwamba kinasema: nipo, lugha yangu ni hii, nipeni kazi. Alijua kila hatua ya namna inavyofanyika. Kujua hakukumpunguzia kitu. Kuna watu wanaojua mimba inavyotungwa na bado wanalia mtoto anapotoka.

Lakini kiendeshi cha Itumba kilikuwa kigumu. Kilikuja kimebeba ndani yake vipande vyenye majina yale yale ya vipande vya nyumbani, yaani vya programu yake, ila vya toleo la kale. Ukivichanganya, programu yote inaanguka. Ikabidi kiingizwe kwa mlango wa pembeni, kwenye chumba chake peke yake, kilichotengwa na vipande vingine. Hapo ndipo shida ilipoanza. Kiliitwa, kikaja. Kilijiandikisha. Na kila Yunisi alipomwomba msimamizi ampatie wa kuzungumza na Itumba, jibu lilikuwa lile lile, herufi nyeupe juu ya weusi: hakuna kiendeshi kinachofaa.

Kipo, naye anasema hakuna.

Yunisi alijua kanuni inayosababisha hilo. Msimamizi humpa mwombaji viendeshi vile tu ambavyo nyumba ya mwombaji inavitambua, vilivyoingia kwa mlango mkuu. Aliyeingia kwa mlango wa pembeni anaweza kusimama mbele yake mchana kutwa. Msimamizi anapita kama hajamwona. Si hitilafu. Ni ulinzi, na waliouweka walikuwa na sababu. Lakini jinsi ya kuupita kwa heshima, hakuijua.

Akajaribu tena asubuhi ile. Alijaribu programu ya pili, ndogo, ya pembeni, lakini kumbukumbu ya mashine ilikuwa imejaa, ikagoma. Kuizima seva na kuiwasha upya ili ipate nafasi halikuwa jambo la kufikiria. Diski yake ilikuwa na ugonjwa. Ilipozimwa mara ya mwisho haikuamka mpaka kesho yake, na fundi wa Mbeya aliyeisikiliza inavyoguna alisema neno moja tu, msiizime.

Ashraf, mpokezi, akaingiza kichwa mlangoni. "Dada, mashine hiyo unaitengeneza au unaiombea dua?"

"Vyote viwili. Foleni ikoje?"

"Imefika kwa muuza mitumba. Ukizima leo, mimi ndiye nitakayekaangwa, na mafuta watachangishana."

"Sizimi."

"Bibi yuko hapa kwenye korido anakuulizia."

Ukuta uliotenga chumba cha seva na chumba cha wagonjwa ulikuwa wa mbao nyembamba, na mlango wa kila chumba ulifungukia korido ile ile. Yunisi alitoka na kusimama upande wake, macho chini. Gwantwa alikuwa ameketi kwenye benchi, kitenge kimemzunguka mabegani, mdogo kuliko alivyokuwa milimani.

"Mama Lusubilo," Gwantwa alisema, akimwita kwa jina la mjukuu wake, "huyu daktari ananiuliza yale yale. Mimi sijasoma. Nilimshika mkono tu mume wangu, sikushika jina la dawa."

"Haidhuru, Mama. Tumuulize mwenyewe. Muulize Baba, dawa ile aliimeza au alichomwa?"

Alisema kwa Kindali, kwa sauti ya kawaida. Mlango wa chumba cha mgonjwa ulikuwa wazi, na kitanda kilikuwa karibu sana, nyuma ya ubao usiozidi unene wa kidole. Kikohozi kilikuwa kimetulia. Mzee alikuwa macho, na alikuwa amesikia. Hakuna aliyeweza kulitilia shaka hilo. Lakini chumba kilikaa kimya. Hata homa ile, iliyomsahaulisha Kiswahili na siku na mahali alipo, haikuwa imemsahaulisha kwamba neno la mkwewe halijasemwa bado, mpaka mwingine alirudie. Gwantwa akanyanyuka, akaingia, akalirudia swali kwa Kindali hicho hicho, neno kwa neno. Na hapo hapo, pasipo kukawia, sauti ya mzee ikajibu.

Gwantwa akatoka. "Anasema ilikuwa nyeupe."

"Dawa zote ni nyeupe, bibi," Ashraf alisema kutoka mezani kwake.

"Basi ndiyo hiyo," Gwantwa alisema kwa ukali. "Nyeupe. Wewe ulitaka aseme ina maua?"

Yunisi hakucheka. Alikuwa amesimama kama mtu aliyeguswa bega na asiyemwona. Alikuwa ameishi ndani ya jambo hili miaka yote ile, amelala nalo na kuamka nalo, na hakuwa amelitazama. Maneno yake yalikuwa yakimfikia yule mzee kila siku aliyokuwa kwao milimani: chakula kiko tayari, mtoto anaumwa, Ipyana amepiga simu kutoka Kapiri, ng'ambo ya mpaka. Yalifika yote. Hayakufika kwa kuvunja mila wala kwa kumlazimisha mzee amsikie. Yalifika kwa sababu kati yao kulikuwa na mtu wa nyumba ile, anayetambuliwa na pande zote mbili, ambaye hakuongeza wala kupunguza. Anapokea huku, anatoa kule.

Alirudi ndani kama anayekimbia.

Alichoandika hakikuzidi ukurasa mmoja. Kilikuwa kiendeshi kisichojua lugha yoyote. Kilikuwa na umbo la kiendeshi, kazi zote zinazotakiwa kwa kiendeshi zilikuwa na majina yake mle, lakini ndani ya kila kazi kulikuwa na amri moja tu: chukua uliloambiwa, umpe yule aliye chumbani, na atakalosema ulirudishe. Hiki kingeingia kwa mlango mkuu, kizalia cha nyumbani. Kikiamka, kingeufungua mlango wa pembeni chenyewe, kimtwae mgeni wa Itumba kutoka chumba chake, kimshike mkono. Kisha kingekwenda kujiandikisha kwa msimamizi kwa jina lake mwenyewe. Msimamizi angemwona mwana wa nyumba. Nyuma ya mwana wa nyumba, bila kutajwa, angekuwepo mgeni.

Akakiweka kwenye folda ambayo programu huiangalia inapoitisha vipande vyake. Akafungua lile faili dogo, akaandika jina. Kwa mbali watu walikuwa wakiimba kanisani, na kwa karibu malori yalikuwa yakinguruma yakingoja zamu ya mpakani, na mapokezi Ashraf alikuwa akibishana na mtu juu ya nani alitangulia. Programu haikuwa imesimama hata kidogo. Ilikuwa ikiandika uzito wa mtoto fulani, ikichapa karatasi ya maabara, ikiendelea na maisha yake, wakati yeye akiandaa kuiongezea kiungo ambacho haikuzaliwa nacho.

Akaamuru iite.

Mstari mmoja ukatokea: kimeandikishwa. Yunisi akaomba Itumba. Taa ya modemu ikaanza kupepesa, ikatulia, ikapepesa tena. Alijikuta ameshika kingo za meza. Mahali fulani juu ya milima, ndani ya chumba kilichofungwa kwa kufuli, penye giza na harufu ya dawa, mashine isiyo na mtu ilikuwa ikiulizwa swali. Na kati ya swali na mashine palikuwa na mabonde, na ukungu, na minara ya simu, na kiendeshi kisichojua lolote kilichokuwa kimemshika mkono kiendeshi kinachojua. Jibu likashuka. Majedwali ya Itumba yakafunguka mbele yake moja baada ya jingine, wagonjwa, mahudhurio, dawa, madhara ya dawa, kimya kimya, kama mtu anayefungua madirisha ya nyumba asubuhi.

Machozi yalimjia na hakuwa na nafasi nayo. Kisanduku cha kutafutia kilikuwa kinangoja jina.

"Ashraf! Njoo ukae hapa."

"Dada, nina watu."

"Njoo. Andika jina la mzee."

Ashraf alikiangalia kiti, akamwangalia yeye. "Si uandike wewe? Vidole havina mdomo."

"Ashraf."

"Haya, haya, nimekaa." Akaandika kwa vidole viwili, akitamka kila herufi kwa mnong'ono, na Yunisi akajishughulisha na dirisha mpaka alipomaliza.

Kumbukumbu ikatokea. Yunisi aligeuka kwa mazoea ya kazi, kuona kama safu zimejipanga, na mstari wa kwanza ukampiga machoni: mwaka aliozaliwa. Chini yake, urefu. Uzito. Jicho la kushoto, mtoto wa jicho. Kovu, paji la uso. Na hapo akatambua anachokitazama. Hofu ilimshika, ile ile ya njiani kwenye mahindi, na akageuza uso wake ukutani.

"Mwite Daktari," alisema. "Aje asome yeye."

Daktari Shamimu alikuja na glavu mkononi. Yunisi alisikia pumzi yake karibu na skrini, akasikia kucha ikigonga kioo ikiteremka mstari hadi mstari. Muda ule ulikuwa mrefu. Alitazama msumari kwenye ubao wa ukuta. Upande wa pili wa ubao, mzee alikuwa akivuta hewa kwa sauti ya kitambaa kinachochanwa.

"Kotrimoksazoli," Daktari alisoma. Kisha akapaza sauti. "Ni salfa, Yunisi! Salfa! Na penisilini aliwahi kuchomwa mara mbili bila tatizo, imeandikwa hapa." Alikuwa ameshatoka, viatu vyake vikipiga sakafu, akiita nesi, akiitisha sindano.

Ashraf alibaki kitini akiitazama skrini. "Hii imetoka Itumba sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Na hatukuzima?"

"Hatukuzima."

"Dah," alisema. Akainuka taratibu, akarudi kwa watu wake.

Sindano ilichomwa kabla ya adhana ya adhuhuri. Hakuna lililobadilika siku ile. Homa haina haraka ya kumtii mtu. Gwantwa alikaa kwenye benchi, Yunisi akamletea chai na kitumbua, wakanywa pamoja. Mama mkwe aliuliza, akionyesha kwa kidevu chumba cha seva, "Humo ndani mlimwita nani?"

Yunisi alifikiri. Angeweza kueleza. Badala yake akasema, "Tulimwita mtu asiyejuana na sisi, Mama. Akaletwa na anayejuana naye."

"Ndaga," Gwantwa alisema, neno la shukrani la huko kwao, na hakuuliza zaidi. Kwake halikuwa jambo geni.

Jumatatu homa ilikuwepo. Jumanne ilikuwepo, lakini mzee aliuliza yuko wapi, na kwa Kiswahili. Jumatano asubuhi Yunisi alikuwa amepiga magoti chini ya meza, akifunga waya, wakati sauti ilipopita kwenye ubao, nzito, iliyojaa kifua kizima.

"Uji gani huu? Hauna chumvi, hauna sukari. Mnadhani mimi ni ndama?"

"Kunywa, baba," nesi alimbembeleza.

"Nakunywa. Lakini nauliza, huu ni uji gani?"

Gwantwa alikuwa akicheka mle ndani, kicheko chembamba cha mtu aliyechoka. Yunisi aliuachia waya, akakaa sakafuni na mgongo wake ukiegemea ubao, akasikiliza ugomvi wote mpaka bakuli lilipowekwa chini tupu.